Sauti Nyuma ya Jiwe: Maisha ya Lemuel Oakley Stroud, 1906–1963

Mchungaji Pruett amenipa karatasi moja, akaniambia niandike maisha ya mdogo wangu na yasizidi ukurasa. Ukurasa! Mtu kaishi miaka hamsini na saba. Nikamwambia atafute mwenye shule yake, maana mimi nilikaa darasani majira matatu ya baridi tu, na moja kati ya hayo niliugua surua. Akasema, "Mama Arvella, hakuna mwingine aliyebaki anayemjua tangu kuzaliwa." Hapo akanishika. Nimeandika kwa penseli, na binti wa marehemu, Lurleen, ndiye atakayeyasoma mazikoni. Asiruke mahali, hasa pale panaponihusu mimi. Kwa miaka ishirini na mitano mji huu wa Juniper Wells ulimwita Lem mwongo, na aliyeanza ni mimi dada yake. Siko tayari azikwe na jina hilo.

Marehemu Lemuel Oakley Stroud alizaliwa tarehe 9 Machi 1906 huko Bear Hollow, jimbo la Arkansas, mtoto wa pili wa Asa na Mahala Stroud. Mimi nilikuwa na miaka mitano, na ndimi niliyetumwa mbio kumwita mkunga. Mtoto alitoka kimya. Mkunga akampiga kofi la kwanza, akampiga la pili, ndipo akalia, na mama akasema, hoi vile alivyokuwa, "Sikilizeni, huyu hata kulia analia kwa mpango."

Alisoma katika shule ya chumba kimoja palepale Bear Hollow kwa majira manne ya baridi. Hesabu hazikumwingia. Lakini kila mwaka baada ya mavuno alipita mwalimu wa kuimba, akakaa kanisani wiki mbili na vitabu ambavyo kila noti ina umbo lake, hii pembetatu, hii mraba, hii duara. Lem alizisoma noti hizo kabla hajaweza kusoma jina lake mwenyewe. Mama alipofariki Februari 1919 kwa homa ile iliyofagia watu, Lem aliimba kaburini peke yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Wanaume waliokuwa wameshika sepetu walizilaza chini. Tangu siku ile hakuimba tena mbele ya watu. Ukimtazama tu, koo linafunga. Nyimbo zake zote akawapa wanyama.

Mwaka 1921 baba alituhamishia huku California, chini ya milima hii ya Sierra, na Lem akaandikwa kazi ya kutunza farasi katika ranchi ya Bwana Eskil Dahlgren. Hakuiacha kazi hiyo hadi mwaka jana. Kila asubuhi alipita na uma wa majani makavu, zizi hadi zizi, anaimba. Farasi wa pale walikua wakijua kwamba sauti ile ikianza, chakula kiko njiani. Hata aliyekuwa amelala chini aliinuka.

Tarehe 4 Juni 1932 alifunga ndoa na Ofelia Montaño, binti wa mzee Montaño aliyepitisha nyumbu milimani. Alimposa huku amempa mgongo, anamtazama nyumbu. Ofelia akamwuliza, "Wewe Lemuel, unamposa nani, mimi au huyu?"

"Wewe. Huyu ananisaidia tu."

Wakapata watoto wawili, Lurleen na Tomás.

Wakati huo sinema za makauboi waimbaji zilikuwa zimepamba moto nchi nzima, na watu wa Los Angeles walikuja kuzipigia picha hapa kwetu, kwenye yale mawe makubwa ya magharibi. Farasi walichukuliwa ranchi kwa Dahlgren, na Lem alikwenda nao. Steringi aliyekuja mara nyingi alikuwa Wade Corliss. Nisijifiche: picha yake niliibandika juu ya jiko langu, na mume wangu marehemu Hoyt alikula maharage yake kila siku akiitazama. Shati lenye maua, gitaa, meno yale. Wasichofahamu wengi ni kwamba watu hawa hawakuimba palepale. Wimbo uliimbwa kwanza Los Angeles, ukatiwa kwenye santuri, na huku ukapigwa kwa spika iliyofungwa juu ya lori. Steringi juu ya farasi alichezesha midomo tu.

Sasa niandike habari ya Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1937, kama Lem alivyonisimulia mwenyewe, mara moja tu.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya kupiga picha. Ulibaki wimbo mmoja, wa kambini, na jua lilikuwa limekaribia vilele. Mtu wa sauti akafungua mlango wa lori, akakuta santuri imeachwa juani mchana kutwa, imejikunja kama ukoko wa mkate. Hakukuwa na nyingine. Wade Corliss naye alikuwa amemeza moshi wa kuni na vumbi siku nne, sauti inakwaruza. Mwongozaji akarusha kofia chini, akauliza nani pale anaujua wimbo. Wapiga gitaa walikuwa wamesharudishwa mjini. Kisha mdogo wangu, aliyekuwa ameshika hatamu pembeni, akanyoosha kidole kama yuko shule. Alikuwa ameisikia santuri ile siku nne mfululizo.

Wakamsimamisha nyuma ya jiwe, upande wa kushoto, kinasa sauti kikining'inia juu ya kichwa chake. Akamwambia mwongozaji, "Bwana, siwezi nikitazamwa."

"Nani ana muda wa kukutazama? Tazama farasi."

Akatazama farasi. Akaimba wimbo wote mara moja, toka mwanzo hadi mwisho, na Wade Corliss akafuata kwa midomo. Jua likazama. Mwongozaji akampa mkono, akamwomba asiseme kwa mtu.

Hakusema. Filamu ilifika kwenye ukumbi wetu Aprili 1938, na mji mzima ukaingia. Wimbo ule wa kambini ulipoanza, watu waliacha kutafuna. Ulikuwa mzito kuliko nyimbo nyingine za filamu ile, wenye kitu ndani yake, nasi tukasema ni hewa safi ya milima yetu imemkaa Corliss kifuani. Nililia. Jumapili yake Lem na Ofelia walikula kwangu, nami sikunyamaza: Wade hivi, Wade vile, mtu aliyebarikiwa koo kama lile. Lem akaweka uma chini. "Dada Arvella," akasema, "wimbo ule wa kambini niliimba mimi." Akanisimulia haya niliyoandika.

Nikacheka. Nilicheka hadi nikashika meza. Mtu asiyeweza kuomba baraka ya chakula kwa sauti! Ofelia akaniangalia kwa macho makavu. "Mimi nimesikia anavyovuta pumzi kabla ya mstari wa mwisho," akasema. "Nalala na pumzi hiyo." Nikamwambia mke lazima aseme hivyo. Wiki iliyofuata, kwenye chakula cha kanisa, nikawasimulia wote, na kuigiza nikaigiza.

Mnajua kilichofuata, mlikuwepo. Pale kwa kinyozi akiingia: "Haya Lem, tupe wimbo! Au Corliss amesafiri na sauti yako?" Kwenye duka la mbegu: "Lem, jana nimemsikia rais redioni, na huyo ulikuwa wewe?" Alitabasamu, akashika ukingo wa kofia, akaenda zake. Habari ile hakuirudia tena kwa mtu yeyote. Tomás alipigana shuleni mara mbili kwa ajili yake. Sikumwomba Lem msamaha, kwa sababu niliamini niko sawa, na mimi nikiamini niko sawa mnanijua.

Agosti 1962 alianza kukohoa. Daktari alisema ni mapafu, vumbi la ziwa lililokauka, ambalo sisi sote wa bonde hili tumelivuta, yeye zaidi kwa kuwa alikuwa nje kila siku. Kufikia Krismasi alikuwa amelazwa kwenye kochi sebuleni kwake, mifupa na macho. Nilikwenda kila siku na mchuzi wa kuku na mkate wa mahindi, nikamlazimisha.

Jumamosi tarehe 16 Februari mwaka huu, saa nane mchana, Ofelia yuko jikoni, televisheni ikaonyesha filamu ile. Nilikuwa sijaiona tangu mwaka ule wa 1938. Nikataka kuizima nisimtie aibu mgonjwa. Akasema, "Iache."

Nimezeeka. Meno ya Wade Corliss hayanishtui tena, hivyo nikatazama mengine. Katika wimbo wa kwanza nikawaona farasi nyuma yake: masikio yamelegea huku na huku, mmoja anajikuna kwenye mti, mwingine anapiga nzi kwa mkia. Spika walishaizoea, haikuwahusu. Wimbo wa pili vilevile. Kisha ikaja kambi, moto, farasi wanane wamesimama nyuma ya steringi naye amempanda Sukey, farasi jike mweupe wa kwa Dahlgren. Neno la kwanza lilipotoka, masikio kumi na nane yakasimama. Yote. Vichwa tisa vikageuka kushoto, nje ya picha, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila jiwe. Sukey akanyoosha shingo, akapiga hatua mbili kuelekea huko, na Corliss akamvuta hatamu huku midomo inaendelea. Mtu aliyependwa na Marekani nzima alikuwa anaimba, na hapakuwa na farasi hata mmoja aliyekuwa anamsikiliza yeye. Walikuwa wanamtazama aliyewalisha.

Nywele za mikono zilinisimama. Nimeingia kanisani miaka sitini, sijapata kuhisi vile. Nilitaka kupiga magoti na magoti yangu hayapigiki. Na kabla ya mstari wa mwisho nikaisikia pumzi aliyoisema Ofelia.

Nikasema, "Lem. Ni wewe."

"Ndiyo, dada."

"Mbona hukuniambia niwatazame farasi?"

Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Nilidhani mtu wa kwetu akiingia sinema anatazama farasi kwanza. Kumbe wewe ulikuwa unatazama shati."

Nikamwomba msamaha. Ofelia alikuja mlangoni na kijiko mkononi kuhakikisha amesikia sawasawa. Lem akasema yameisha, niache kumlowesha blanketi. Kwake yaliisha. Kwangu hayajaisha, maana mlionisikia nikimcheka ni mji mzima, na aliyenisikia nikiomba msamaha ni mgonjwa na mkewe.

Alifariki Jumanne tarehe 12 Machi 1963, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, siku tatu baada ya kutimiza miaka hamsini na saba. Ameacha mjane, Ofelia. Watoto wawili, Lurleen na Tomás. Mkwe mmoja, wajukuu watatu, na mimi dada yake Arvella. Pia farasi kumi na mmoja kwa Dahlgren ambao tangu mwaka jana hawajatulia asubuhi. Mungu amlaze pazuri, mahali asipotazamwa.

Sasa ninyi mnaosomewa karatasi hii. Kabla udongo haujashuka, kila aliyewahi kumcheka, kwa kinyozi, dukani, kanisani, popote, asogee kaburini, avue kofia na aseme kwa sauti: "Lemuel Stroud, ulisema kweli." Msimung'unye. Naanza mimi, na nitasimama palepale upande wa kichwa chake hadi wa mwisho wenu awe amesema. Mchungaji Pruett, na wewe ulikuwepo kwenye chakula kile. Wewe ni wa pili.