Kibali cha Daka Letu

Daka letu hapa Mkomani, ukumbi mdogo wa mlangoni, lina mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana, moja kila upande wa mlango. Hapo hukaa wazee watatu tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na kahawa yao naipika mimi. Bwana Abdulwahid alikuwa tarishi wa mahakama, kwa hiyo anaitwa Katiba. Bwana Kamaludin, fundi wa milango, ni Msumari. Bwana Sadiq ni Droni, kwa kuwa hakuna jambo la mji huu asilodai kuliona kutoka juu. Mvua ikinyesha hawaondoki. Siku mume wangu alipoleta kitanda kipya, kilipitishwa juu ya vichwa vyao.

Juzi alikuja Rumaisa, mpiga picha, kamera ikining'inia shingoni. Nyuma yake alikuwa Israa, bibi harusi wa wiki ile, amejifunika mpaka usoni. Adhuhuri ile ile alikuwa anasafiri na mumewe kwenda kuishi Maskati. Nyanya yake, Bi Hindu, yuko Mbwajumali na hawezi tena kupanda boti. Alipoolewa alikaa kwenye baraza la nyumba hii, na alikuwa na ombi moja: amwone mjukuu wake kwenye picha, amekaa pale pale.

— Nina kibali, wazee, lakini ni cha ufukoni tu, akasema Rumaisa. Anayepiga picha kwa kazi mahali pa umma lazima aandikiwe mahali na saa. Nikikosea, sipewi kingine. Sasa hapa ni mahali pa umma?

Katiba aliweka kikombe chini. Sijawahi kumwona akiweka kikombe chini kabla hakijaisha.

— Anapopita punda bila kupiga hodi, ni pa umma. Nimeyasikia hayo mahakamani.

— Uliyasikia kwenye tundu la kufuli, akasema Msumari. Ndia hii ya kupita ni ya punda, sawa. Daka ni la nyumba. Punda gani umemwona amekaa hapa?

— Mimi namuona sasa hivi, akasema Droni.

Katiba hakumjali.

— Bibi harusi atakaa barazani, lakini kamera itasimama ndiani. Inayofanya kazi ni kamera. Basi kazi imefanyika ndiani.

— Na yua je? akauliza Droni, akiinua macho kutazama jua. Yua hilo limepita juu ya paa la msikiti kabla ya kufika hapa. Paa ni wakfu. Mwanga wa wakfu wauchukua kwa biashara?

— Kunguru nao waandikiwe barua, akasema Msumari. Wako juu ya ukuta, wataonekana.

— Kunguru ni wa serikali, akasema Katiba bila kucheka.

Rumaisa akatazama saa kwenye simu. Israa akamshika mkono.

— Twende tu, akasema kwa sauti ndogo. Nyanya ataelewa.

Msumari akanyoosha mikono kama anayepima mlango, kutoka baraza mpaka baraza.

— Kamera ikae baraza hili, bibi harusi akae lile. Hakuna atakayegusa ndia.

Wote watatu walielewa kwamba hapo lazima wainuke. Wakainuka. Nilikuwa nyuma ya mlango, mwanangu Razan mkononi, nikasema Subhanallah kimoyomoyo. Droni alimwokotea Katiba fimbo yake. Na kwa kuwa Israa asingeweza kufunua uso mbele yao, hawakungoja kuambiwa. Walivuka ndia, hatua mbili tu, wakasimama safu moja na kuelekeza nyuso kwenye ukuta wa jirani, pua karibu ziguse chokaa.

Israa akakaa, akafunua uso. Mwanga uliingia dakani ukamtulia shavuni na kwenye asumini za kifuani, na lile jiwe ninalolifagia kila siku likawa kama sijapata kuliona.

Hapo akatokea Kirimi, askari wa kaunti, mgeni ambaye hajatimiza miezi miwili mjini. Israa akajifunika haraka.

— Wazee, mnaangalia nini?

Wakamjibu wote pamoja, bila kugeuka: punda, wakfu, kunguru. Kirimi alisikiliza mpaka mwisho.

— Na mwenye nyumba mlimwomba ruhusa?

Miaka yote ile wazee wamekaa pale, na hakuna aliyewahi kuuliza.

— Hawajaniomba, nikasema nikiwa nyuma ya mlango. Lakini mimi nimeruhusu.

Kirimi akatazama kizingiti, akatazama mabaraza, akatazama ndia.

— Kibali chetu ni cha mahali pa umma, akasema polepole. Hapa ni kwa mtu.

Akavua kofia yake ya kazi, akajipenyeza kati ya Droni na Msumari, naye akaugeukia ukuta.

Israa akafunua uso tena. Rumaisa akabonyeza.