Zamu ya Kubonyeza

Mbele ya duka la Fundi Sindano kuna benchi refu la mbao lenye miguu mitatu na tofali, na kwenye benchi hilo kila kitu huenda kwa zamu: gazeti kwa zamu, kivuli kwa zamu, hata kulalamika kwa zamu. Wanaolikalia kila asubuhi ni wanne, mbali na Fundi mwenyewe. Yuko Kwa Mujibu, karani mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna jambo analolisema kwa niaba yake mwenyewe. Yuko Nukta, fundi saa, anayevaa saa tatu kwenye mkono mmoja. Yuko Rivasi, dereva wa lori, ambaye mwaka fulani alirudi nyuma hadi ndani ya ukumbi, mkutano ukiendelea. Na yuko Mama Birika, muuza kahawa, asiyemwogopa yeyote kati ya hao. Siku ile, saa nne asubuhi, juu ya stuli katikati yao halikuwekwa bao la drafti. Liliwekwa boksi la kompyuta lililofunguliwa ubavu, waya wake ukipita dirishani, na skrini yake pembeni ikiwa nyeusi tii.

Fundi Sindano alisimama mlangoni, futi ya kitambaa shingoni, jasho likimtoka. Ndani ya duka, chini ya cherehani ya kudarizi, gauni jeupe la harusi lilikuwa limebanwa kwenye fremu, na kifuani mwa gauni hilo palikuwa na ua lenye petali tatu na nusu. Mwenye gauni anaolewa saa tisa alasiri hiyohiyo. Kazi iliyobaki ni ya saa moja na nusu tu, lakini cherehani ile haisogezi sindano mpaka iamriwe na kompyuta, na kompyuta, jana jioni, katikati ya petali ya nne, iliomba iwekewe draiva mpya, yaani kile kiprogramu kinachoiwezesha kuzungumza na cherehani. Fundi hajui kumkatalia anayeomba kwa adabu. Akakubali. Kulipokucha, kompyuta ikawa haiioni cherehani kabisa. Ndipo Kwa Mujibu akamshauri asasishe na bayosi, programu iliyomo kwenye madabodi yenyewe, ule ubao mkuu wa kompyuta, inayoamka kabla ya nyingine zote. Fundi akasasisha. Mstari ukafika asilimia mia, mashine ikajizima, ikajiwasha, ikabaki giza, na kila alipoizima na kuiwasha upya, giza lilelile. Akalitoa boksi nje ili lifunguliwe, maana vumbi lake na gauni jeupe havikai chumba kimoja.

Bibi harusi hakuwa ameambiwa lolote.

— Kwa mujibu wa maelezo niliyoyasoma kwa macho yangu, alisema Kwa Mujibu, toleo jipya huongeza uthabiti.

— Limeongeza kweli, akajibu Rivasi. Imekuwa thabiti mpaka haitaki kuamka.

— Mimi nilishauri tu. Sikubonyeza.

— Basi leo utabonyeza. Anza wewe, kisha Nukta, kisha mimi, kisha mama.

Kwa Mujibu akapandisha mkono wa shati kana kwamba anakwenda kumtoa ng'ombe shimoni, akabonyeza kitufe kwa kidole cha shahada. Feni ikavuma. Wote wakainama kuitazama skrini. Skrini nayo ikawaonyesha nyuso zao wenyewe.

— Naona kitu, alisema Nukta.

— Unaona pua yako, akajibu Rivasi. Kwa Mujibu, zima, mwenzio ajaribu.

Ikazimwa. Zamu ikaenda kwa Nukta. Huyu akabandika kioo chake jichoni, akachomoa kikoleo mfukoni, akaingiza mkono kwenye boksi taratibu, akatoka na kibetri cha duara kama kifungo cha koti.

— Mnakiona? Kila madabodi ina kibetri chake. Ndicho kinachotunza saa na mipangilio yote. Saa ikigoma, mimi siulizi mengine, namuuliza betri.

— Muulize basi, tusikie, alisema Mama Birika.

Nukta akakigusa kwa ncha ya ulimi.

— Ee! Unakionja?

— Kina ukali kidogo. Kizima hiki.

— Ungekuwa daktari, wagonjwa wangekukimbia.

Akakirudisha, akabonyeza. Feni ikavuma. Giza. Rivasi akakohoa, akatazama juu, akatazama chini, akajikuna goti.

— Nukta, usitutawale. Zima, ni zamu yangu.

— Jamani, Fundi Sindano akaingilia kwa sauti ndogo, labda tungetafuta mtu anayejua.

Wanne wale walimgeukia kama watu waliotukaniwa mama zao.

— Anayejua nini? aliuliza Kwa Mujibu. Sisi hapa tunafanya nini?

— Sikuwa na maana hiyo, mzee wangu. Samahani.

Alikuwa amempigia fundi wa kompyuta mara tano tangu asubuhi, na mara zote simu ilikuwa imezimwa. Akaingia ndani, akalitazama lile ua, akatoka tena. Petali tatu na nusu. Alianza kulitunga kichwani lile neno atakalomwambia bibi harusi, akalifuta, akatunga jingine. Yote yalianza na "mwanangu", na hakuna lililofika mwisho.

— Sikilizeni, alisema Rivasi. Mimi lori langu nikiliona limekaa hivi, linanguruma lakini halitoki, najua limemeza hewa.

— Kompyuta haina mafuta, Rivasi.

— Nani kataja mafuta? Nimesema hewa. Tazama feni hiyo, inavuta hewa tu tangu asubuhi! Sasa hewa inatolewaje? Unaweka gari kwenye mteremko, pua chini.

— Hii pua yake iko wapi?

— Hapa penye kitufe.

— Kwa mujibu wa nani?

— Kwa mujibu wa dereva wa miaka ishirini na tisa! Draiva ndiye aliyeleta balaa, mwacheni dereva aliondoe.

Akaangaza huku na huku kutafuta kitu cha kuinulia boksi kwa nyuma. Akaliona tofali. Akainama, akalivuta. Lilikuwa lile tofali lililokuwa mguu wa nne wa benchi. Benchi likalala upande kama punda aliyechoka; Kwa Mujibu akateremka nalo mpaka kwa Nukta, Nukta akateremka mpaka chini, na vikombe vitatu vya kahawa vikateremka mpaka kwenye suruali ya Nukta.

— Kahawa yangu! alilia Mama Birika.

— Mapaja yangu! alilia Nukta.

— Boksi halikuguswa, alitangaza Rivasi kwa fahari, naye alikuwa amelikumbatia kama mtoto.

Waliinuana, wakacheka mpaka Kwa Mujibu akavua miwani ajifute machozi. Fundi Sindano mwenyewe alijikuta anacheka, kisha akakumbuka, kicheko kikakatika. Boksi likainamishwa juu ya tofali, pua chini. Rivasi akabonyeza. Feni ikavuma kwa mteremko. Giza. Ikazimwa.

— Nyie wanaume hamna haya, alisema Mama Birika akisogea. Mmemvua mwenzenu nguo barabarani, matumbo nje, kila apitaye anachungulia. Wewe Kwa Mujibu, ungevuliwa hivyo ungeamka?

— Ningekimbia.

— Hana miguu. Basi kafumba macho.

Akafungua kitambaa chake cha kiunoni, akalifunika boksi kwa upole, akalipapasa juu mara mbili, akaingiza kidole chini ya kitambaa na kubonyeza.

— Haya mwanangu. Wameondoka.

— Tupo hapa, mama.

— Nyamaza!

Feni ikavuma chini ya kitambaa. Giza. Nukta akanong'ona kwamba itaungua kwa joto, kitambaa kikatolewa, boksi likazimwa, na zamu ikarudi mwanzo. Kwa Mujibu akasimama. Alikuwa amefikiri muda wote huo, na uso wake ulikuwa uking'aa.

— Nimeipata. Nukta, ulipochomoa kile kibetri, saa yake ya ndani ilirudi nyuma. Kweli si kweli?

— Kweli. Hurudi mpaka mwaka ilipotengenezwa.

— Basi! Kwa mujibu wa mashine hii, leo si leo. Ni miaka mingi nyuma. Na bibi harusi, mwaka huo, alikuwa na umri gani?

Rivasi akahesabu kwa vidole.

— Alikuwa darasa la pili.

— Ndiyo hivyo! Mnaiambia mashine yenye heshima zake imshonee mtoto wa darasa la pili gauni la harusi. Imekataa! Nami naipongeza!

Nukta akaipigia makofi mashine. Rivasi akalia kwa kicheko akishikilia ukuta. Mama Birika alisema watoto wa siku hizi wanatetewa hata na mabati. Na Kwa Mujibu, akiwa katikati ya utukufu wake, alikuwa ameinua kidole kubonyeza kwa mara ya pili, sauti ilipotoka nyuma yao.

— Shikamooni.

Alikuwa bibi harusi mwenyewe, nywele zake nusu zimesukwa, nusu zimefunikwa kitambaa, viatu vya kukopa mkononi. Kila mtu pale alijua kazi yake: ni mwoka mikate katika kiwanda cha mtaa wa pili.

— Marahaba, waliitikia wote, kwa sauti za watu waliokutwa chumbani kwa wengine.

— Kuna nini? Mbona kompyuta iko matumbo nje?

Fundi Sindano alifungua kinywa. Kikatoka kikohozi.

— Tuliisasisha bayosi, alisema Kwa Mujibu. Sasa haiwaki. Feni inazunguka, skrini giza.

— Tangu saa ngapi?

— Tangu saa mbili.

— Na mkiiwasha, mnaiacha kwa muda gani kabla ya kuizima?

Kwa Mujibu alimtazama Nukta. Nukta alizitazama saa zake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mtu anayetafuta shahidi. Rivasi alilitazama tofali.

— Tunaiacha… tunaiacha kiasi, alisema Nukta.

— Kiasi gani, baba?

— Mpaka mwenye zamu anayefuata akohoe, alisema Mama Birika.

Bibi harusi aliweka viatu chini.

— Ya kwetu, ile inayoongoza matanuri, ilipofanyiwa hivyo ilikaa giza robo saa nzima. Fundi wake alituambia mara ya kwanza inajifunza upya kumbukumbu zake, polepole, na ukiizima katikati inaanza moja. Ukichomoa betri, vilevile inaanza moja. Akatufukuza wote chumbani, akafunga, akaenda kunywa chai.

Fundi Sindano alihesabu kimoyomoyo: kila zamu, kila kikohozi, tangu saa mbili. Mashine ya watu ilikuwa imerudishwa herufi ya kwanza asubuhi nzima.

Bibi harusi akabonyeza mwenyewe.

— Sasa kaeni. Mikono chini ya mapaja.

Wakalirudishia benchi tofali lake, wakakaa, wanne kwa safu, mikono chini ya mapaja. Feni ikavuma. Kuongea hawakukatazwa, lakini kila aliyetaka kusema aliona ni bora asiwe yeye atakayeishtua. Dakika moja. Tatu. Tano. Rivasi alihisi kikohozi, akakimeza, macho yakamtoka. Kijiwe kile hakijawahi kunyamaza tangu kiwepo, na mtaa ukaliona hilo. Mpita njia mmoja, mzee mwenye kofia, alipunguza mwendo, akawatazama watu wazima wanne walioinamisha vichwa mbele ya sanduku, akavua kofia.

— Poleni sana, jamani. Nani katutoka?

Wangejibuje? Mzee akakaa pembeni ya benchi, akatikisa kichwa.

— Alikuwa mtu wa watu, alisema kwa huzuni. Hakuwa na neno na mtu yeyote.

Mama Birika aling'ata ncha ya kitambaa chake. Mabega ya Nukta yalianza kutetemeka, na mzee, akidhani ni kilio, akamshika bega.

— Jikaze, kaka. Sasa hivi amepumzika.

— Pi! lilisema boksi.

Skrini ikawaka nyeupe.

— Kaamka! alipiga kelele Rivasi, na kikohozi chake chote kikatoka pamoja na neno hilo. Wote wakaruka, wakakumbatiana, Kwa Mujibu akambusu Nukta utosini. Mzee wa watu alikuwa amefika kona ya mtaa akikimbia, kofia mkononi, bila kugeuka.

Fundi Sindano hakuruka. Alipiga magoti mbele ya skrini, akasoma neno kwa neno: mipangilio imerudi ya awali, bonyeza kuendelea. Akabonyeza. Akairekebisha tarehe. Mwishowe pakatokea kile kipicha kidogo cha cherehani, kijani, kimeonekana. Bayosi mpya na draiva mpya zilikuwa zimepatana. Akasimama, akajikung'uta magoti.

— Hongereni, wazee wangu! alisema bibi harusi akipiga makofi kuliko wote. Nimefurahi kana kwamba ni yangu. Haya Fundi, nipe gauni langu niwahi, wasusi wananingoja.

Makofi yakafa moja moja. Rivasi akainamia kikombe chake, kilikuwa kitupu. Kwa Mujibu alitafuta kwa mujibu wa nini aseme, akakosa.

— Fundi? Gauni liko wapi?

Maneno yote aliyoyatunga tangu asubuhi yalimkimbia. Fundi Sindano akafungua mlango, akasimama kando, akamwonyesha kwa mkono. Bibi harusi aliingia, akalitazama gauni kwenye fremu, akaitazama petali iliyokatika, akamtazama Fundi, kisha kupitia dirishani akaliona lile boksi juu ya stuli, na waya ukitoka humo mpaka kwenye cherehani. Alishika mdomo.

— Kumbe nilikuwa nalingojea gauni langu mwenyewe!

— Mwanangu, nisamehe. Saa moja na nusu tu. Sasa ni saa tano na robo.

Macho ya bibi harusi yalikuwa makali kwa kitambo kidogo. Halafu kitu kikamtekenya, labda kile kikohozi cha Rivasi, labda yule mzee akikata kona, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, nywele zake ambazo hazijasukwa zikamwagika usoni. Akavuta stuli ya wateja karibu na cherehani.

— Waambie wasusi waje wanimalizie hapahapa, alimwita Mama Birika dirishani. Mimi siondoki.

Fundi Sindano akazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, akiwa ameinama mpaka pua inakaribia kitambaa. Sindano ikashuka, ikagusa, ikaingia katika tundu lilelile ilipoishia jana. Akapumua. Akabonyeza, na petali ya nne ikaanza kufunga.