Fimbo ya Baraza la Ombaru

Sogeeni karibu, wanangu, Honoria na Peregrine, na wewe Peregrine toa mikono mifukoni, baba yako hasubiri treni, anakufa.

Nyumba hii, mashamba yote ya Shropshire hapa Uingereza na cheo changu sina haki ya kuvigawa, maana sheria ya ukoo wetu humpa mtoto wa kwanza wa kiume kila kitu, mtu apende asipende. Nawe Honoria, uliyeninywesha supu kwa kijiko miezi saba, hupati hata kiti. Nimegombana na mawakili watatu mpaka nimechoka, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba nami nilirithi hivyo hivyo, nikaona ni haki.

Lakini ile fimbo nyeusi juu ya meko, kati ya vichwa vya mbweha, si mali ya nyumba hii. Nilipokuwa gavana kisiwani Ombaru niliingia barazani na kofia yangu ya manyoya ya ndege, mzee Tesumo akanikabidhi fimbo ile ili niseme, kwani kule hasemi asiyeishika, na msemaji akimaliza humrudishia mzee. Mimi, msomi wa shule za mabwana, nikadhani ni zawadi; nikahutubia, nikainama, nikampa msaidizi wangu aitie sandukuni, kisha kwa kufuata kanuni zetu nikamlipa mzee picha ya Mfalme. Watu wakanyamaza kimya, nami nikawasifu kwa adabu yao.

Miaka ishirini na sita sasa baraza lao halijafunguliwa, kesi za ardhi zimelala, ndugu hawasemezani. Tesumo aliponiandikia nilikuwa nimeshastaafu. Nikaiandikia serikali mara tisa, wakanijibu kwamba kurudisha zawadi ni kumvunjia heshima aliyeitoa. Upuuzi mtupu. Nawe Peregrine nilipokuomba uipeleke ulicheka: "Aa, baba, kijiti tu hicho, na wageni wanakipenda." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkuu mwenyewe hakusikia, nikulaumuje?

Honoria, mama, fimbo hiyo nakukabidhi wewe, daktari huyu akiwa shahidi. Uza saa yangu upate nauli. Ukifika usihutubie, wala usiseme Sir Lionel anawapa, maana mtu hapewi kilicho chake. Mtie Tesumo fimbo yake mkononi, au mwanawe, kisha ukae chini, na wakinitukana sikiliza mpaka wamalize.

Mungu awalinde... wote wawili, hata wewe, mkaidi wangu. Hapana, sitaki maji. Peregrine... mletee dada yako ngazi. Aishushe sasa, nikiwa naona.