Sidonia Mazengo na Geti la Ndoo

Tarehe 30 Juni 2003 Bi. Sidonia Mazengo atakabidhi funguo, ufagio na kitambulisho chake, na kuondoka kiwandani baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Aliajiriwa mwaka 1971, kiwanda kikiwa mali ya umma na kikikamua alizeti na karanga za mkoa mzima. Anastaafu kikiwa ghala la mafuta yanayotoka nje ya nchi. Katikati ya hapo amekuwa mpakiaji wa mashudu, kisha mlinzi wa geti, kisha mfagizi. Msomaji anayeona kwamba mpangilio huo unashuka badala ya kupanda, ameona sawasawa.

Bi. Violeth wa ofisi ya utumishi ameniomba niandike aya tatu za uchangamfu kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Kuhusu uchangamfu, nitajitahidi. Aya tatu hazitanitosha, na naomba anisamehe, kwa sababu yeye na wengi wa wafanyakazi wa sasa walikuja juzi tu. Wao wanamjua Mama Sidonia kama yule mama anayefagia bila kunyunyiza maji. Wamemlalamikia kwa sababu ya vumbi, wamemwandikia onyo, na bado kila asubuhi wanapiga chafya. Kwa hiyo nitaeleza hilo vumbi limetoka wapi, maana sisi wakongwe tumebaki wachache na wengine wetu tumeanza kusahau.

Mashudu, kwa asiyejua, ni yale mabaki ya mbegu yanayobaki mafuta yakishakamuliwa. Ni chakula cha ng'ombe. Kiwanda kilipounda timu ya mpira, watani wetu wa reli walituita Mashudu ili kutudhalilisha, nasi tukalichukua jina hilo tukalishona kwenye jezi. Wachezaji walikuwa wapakiaji, mafundi wa boila na makarani. Washabiki walikuwa wake zao, majirani zao, na nusu ya mtaa wa jirani wa Ipagala. Hakuna aliyewahi kutuita klabu ya biashara. Tulikuwa timu ya watu wanaonuka alizeti.

Uwanja ulikuwa hapa hapa, pale malori yanapoegeshwa sasa. Haukuwa na jani hata moja. Wageni wanaoijua Dodoma kwa vikao vya Bunge hawajui upepo wetu wa kiangazi unavyoweza kuuzoa uwanja mzima ukauhamishia machoni mwa golikipa. Ndiyo maana palikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine: kiingilio cha mechi ya Mashudu kilikuwa ndoo moja ya maji. Hukuwa na ndoo, hukuingia. Katika mji ambao watu waliamkia foleni ya bomba, kila mshabiki alitoa maji ambayo yangepikia ugali wa nyumbani kwake, akayaleta kulaza vumbi ili vijana wacheze.

Na aliyesimama getini kuzipokea ndoo hizo alikuwa Mama Sidonia. Siku za kazi alilinda geti la kiwanda, siku za mechi alilinda geti la uwanja, na kazi zote mbili alizifanya kwa sura ile ile isiyochekacheka. Aliamkia kwanza, maana adabu haimshindi. Kisha swali lilikuwa moja: "Ndoo iko wapi?" Ndoo zilipangwa kando ya mstari wa uwanja kuanzia kibendera cha kona hadi kibendera cha pili. Mstari ukijaa, maji yametosha. Aliyekuja baada ya hapo aliingia kutazama, lakini ndoo yake aliiacha nje na kurudi nayo nyumbani, hata kama ni ndugu yake. Kisha Mama Sidonia alipuliza filimbi, kila mtu akanyanyua ndoo yake, wakavuka uwanja kwa pamoja wakinyunyiza kwa kiganja huku ngoma zikilia. Ukimwaga badala ya kunyunyiza alikutoa mbele ya watu wote. Uwanja uliponyunyiziwa hivyo ulitoa harufu kama ya mvua ya kwanza.

Visa vyake getini ni vingi. Kuna mheshimiwa mmoja aliyekuwa mjini kwa kikao, akaja kutazama mpira na gari la serikali na suti ya Kaunda. Mama Sidonia alimwamkia kwa heshima zote, akamuuliza ndoo iko wapi. Mheshimiwa alijieleza, msaidizi wake akajieleza zaidi, na geti halikufunguka. Mwishowe dereva alikwenda nyuma ya gari akaleta dumu la maji ya rejeta, na mheshimiwa akavua koti, akavuka uwanja akinyunyiza sambamba na mama muuza karanga. Alirudi mechi iliyofuata na ndoo yake mwenyewe. Wapo pia waliojaribu kuleta maji ya kufulia. Aliyapokea, lakini aliyaelekeza kwenye boksi la wageni, mbele ya goli lao, na kuhusu hilo ushahidi haukupatikana kamwe.

Mwaka 1996 kiwanda kiliuzwa. Tuliambiwa ni mabadiliko ya uchumi, na huenda yalikuwa hivyo. Mkurugenzi mpya alikuwa mtu wa tabasamu na hatua za haraka. Aliitazama timu akaona tangazo. Jina la Mashudu likafutwa, timu ikapewa jina la mafuta yake ya kopo, Dhahabu, na jezi zikawa na picha ya kopo lenyewe tumboni. Uwanja ukazungushiwa mabati. Zikachapishwa tiketi. Boza likakodiwa kumwaga maji, na ndoo zikapigwa marufuku kwa kuwa, tulielezwa, haziendani na hadhi ya wadhamini.

Mama Sidonia alibakizwa getini kuchana tiketi. Sidhani kama aliyempangia alijua anafanya nini. Wazee aliokuwa akiwaamkia shikamoo na kupokea ndoo zao, sasa aliwaamkia shikamoo akawarudisha. Wengine walikuja na ndoo kwa mazoea, wakasimama nazo nje ya mabati mpaka mpira ukaisha, wakisikiliza. Wale wa ndani hawakujua nyimbo zetu. Kwa misimu miwili alifanya kazi hiyo bila kukosea hata siku moja, na kwa misimu hiyo miwili sikumsikia akicheka, ingawa nimekiri kwamba hata zamani hakuwa mchekaji.

Ikaja Oktoba 1998. Timu ilikuwa imebakiza mechi moja, nyumbani, dhidi ya Manyoni. Tukishinda tunapanda daraja. Mkurugenzi alisimama kantini akatutangazia wazi: ikipanda, timu inabaki hapa na uwanja unabaki, isipopanda, yeye hana tena haja na mpira. Kwa hiyo kila mtu alijua kinachochezewa. Si kombe. Ni iwapo Jumapili zetu zingeendelea kuwepo.

Asubuhi ya mechi boza liliharibika njiani. Upepo ulikuwa ule wenyewe wa Oktoba, na mwamuzi alikataa kuchezesha kwenye vumbi lile. Meneja wa timu, ambaye ndiye aliyepiga marufuku ndoo, akamfuata Mama Sidonia getini na kumwomba afanye anavyojua. Mama Sidonia akatuma neno Ipagala, kwamba geti ni la ndoo leo.

Waliokuwepo hawatasahau. Walikuja kwa mguu kutoka Ipagala, kutoka Chang'ombe, kutoka mtaa wa Kikuyu, wamejitwika ndoo, madumu, masufuria, mama mmoja na beseni la kuogeshea mtoto. Ngoma zilitoka zilikokuwa zimefichwa. Watu walivuka geti wakilia, na Mama Sidonia aliwapokea mmoja mmoja na swali lake lile lile, ingawa jibu lilikuwa kichwani mwa kila mtu. Mstari wa ndoo ukajaa kutoka kona hadi kona. Hapo ndipo alipopaswa kuzuia maji, kama alivyofanya miaka yote. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu bado, na walikuwa ni wale wale aliowarudisha misimu miwili. Hakuwa na moyo wa kumwambia mtu hata mmoja arudi na maji yake. Akaacha geti wazi. Mstari wa pili ukapangwa, na wa tatu. Filimbi ilipolia, hakuna aliyekumbuka kunyunyiza. Walimwaga.

Uwanja ukawa tope. Sasa, vijana wetu walikuwa wamezaliwa kwenye ardhi ngumu. Mshambuliaji wetu, Masudi wa Chemba, alikuwa anaruka kama mpira wenyewe kwenye udongo mkavu, lakini kwenye tope hakuwahi kusimama hata siku moja maishani mwake. Manyoni walirundikana golini kwao wakasubiri muda uishe. Zikiwa zimebaki dakika chache, Masudi aliwapita mabeki wote, akampita golikipa, akabaki yeye na goli tupu. Mguu wa kusimamia ukateleza. Alianguka chali na mpira ukasimama kwenye tope, pale pale, mpaka beki akafika akauondoa bila haraka. Masudi alikaa chini akasema maneno marefu kwa Kisandawe. Hakuna kati yetu aliyeyaelewa, wala hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Mpira ukaisha bila bila.

Mkurugenzi alitimiza ahadi yake upesi kuliko alivyowahi kutimiza nyingine yoyote. Timu ilivunjwa. Wachezaji walitawanyika, Masudi akarudi Chemba kwa mifugo ya baba yake. Mabati yaling'olewa, kokoto na udongo vikashindiliwa, na kabla ya Krismasi malori yalikuwa yameegeshwa kwenye boksi. Hakuna mshabiki aliyemlaumu Mama Sidonia. Ninaamini hivyo kwa sababu nilikaa nao, na kwa sababu kila mmoja alijua ndoo yake ilikuwa miongoni mwa zile za ziada. Yeye hakuhitaji kulaumiwa na mtu. Aliomba aondolewe getini, akapewa ufagio, ingawa funguo za geti la uwanja alibaki nazo ili afagie alfajiri.

Tangu hapo hajamwaga tone la maji kwenye ardhi ile. Anayefagia uwanja wa udongo hunyunyiza kwanza, kila binti anafundishwa hivyo na mama yake, na yeye anajua hivyo kuliko sisi sote. Anafagia pakavu. Vumbi linampanda usoni, linaingia ofisini kwa Bi. Violeth, linatua kwenye chai yetu. Onyo lilipoandikwa alilipokea kwa mikono miwili, akasema asante, na kesho yake akafagia pakavu.

Niliwahi kumwendea kujaribu kumfariji. Nilimkumbusha jambo ambalo wote tuliliona: kwamba wiki moja kabla ya mechi ile, wapima ardhi walikuwa wameshapigilia vigingi vyao nyuma ya goli la kusini. Uwanja ulikuwa umeshapimwa kwa ajili ya malori. Tungeshinda kumi kwa bila, malori yangekuja. Maji yake hayakuua kitu ambacho hakikuwa kimeshauzwa. Nilizungumza vizuri, nikijisikia mwerevu. Alinisikiliza mpaka mwisho akaegemea ufagio wake. "Vigingi havikuteleza, Petro," akaniambia. "Aliyeteleza ni Masudi." Akaendelea kufagia, nami nikaenda zangu nikikohoa.

Sitajifanya kwamba nilimfariji, kwa sababu tu kuna sherehe. Ninachojua ni kwamba watu wenye fedha walikuja wakachukua kitu chetu, wakatuachia sisi wenyewe kazi ya kujilaumu, na mama mmoja akaibeba kazi hiyo peke yake kwa bidii ile ile aliyobebea magunia ya mashudu. Inaniuma. Inaniuma zaidi kwamba atatoka hapa na saa ya ukutani na khanga, na wengi watakaompigia makofi watakuwa wanafurahi kwamba vumbi litapungua.

Nimemsimulia Bi. Violeth haya yote. Aliniuliza kama ninajua sherehe itafanyika wapi. Itafanyika uwanjani, kwenye maegesho. Malori yataondolewa mchana huo. Uongozi umeagiza vumbi lilazwe kabla wageni hawajafika, na hakuna anayethubutu kumpa Mama Sidonia kazi hiyo katika siku yake ya mwisho. Kwa hiyo tumepeana taarifa sisi wachache tuliobaki, na tumepeleka neno Ipagala. Wengi wa wale wazee hawapo tena. Masudi ameahidi kushuka kutoka Chemba kwa basi la asubuhi.

Mama Sidonia, kwa geti ulilolilinda, kwa shikamoo zako kwa watu uliolazimishwa kuwarudisha, na kwa siku ile moja uliyoshindwa kumrudisha mtu, sisi wa Mashudu tunakushukuru. Tunakuombea uzee wenye afya, majirani wema na usingizi usioota mpira. Siku hiyo saa tisa alasiri tutakuwa nje ya geti, tumejipanga, kila mmoja na ndoo yake. Funguo bado utakuwa nazo wewe. Ukifungua, tutanyunyiza kwa kiganja. Usipofungua, tutarudi nayo maji yetu nyumbani, na hatutakulaumu.

Petro Chidawali
Idara ya Mitambo