Dada Yetu, Mama Na-Nani

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofanya kazi na marehemu, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi baba yetu, akiwa kifungua mimba wa watoto wanne, na mama alipenda kusema kwamba binti huyu alianza kutugawia kazi kabla hajajua kusoma, huyu maji, yule vyombo, na aliyetegea kazi alimgundua mapema. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1980, kisha chuo cha ufundi, alikopata stashahada ya ujenzi mwaka 1983, akiwa msichana pekee darasani.

Januari 1984 aliajiriwa na shirika la maji, na mwaka 1991 akakabidhiwa mradi wake wa kwanza, tangi juu ya kilima nyuma ya hospitali. Shirika lilipangwa kwa idara, uhandisi, fedha na ununuzi, kila idara na mkuu wake, na meneja wa mradi aliazimwa watu kutoka huku na kule, hivyo fundi mmoja alikuwa na mabosi wawili, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Tangi lilikamilika, likapakwa rangi, likakaa kavu miezi kadhaa kwa sababu valvu hazikuagizwa, uhandisi walidhani ni kazi ya ununuzi, ununuzi wakasubiri neno la uhandisi, na kila alipouliza alijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Tangu hapo hakuna aliyetamka neno hilo mbele yake akasalimika, aliweka kalamu chini na kuuliza, "Na nani?", ndipo mafundi wakambatiza Mama Na-Nani, jina alilolichukia wiki moja na kulipenda maisha yake yote. Aliwafundisha vijana wa ofisini kwamba mradi si kazi ya kila siku, mradi una mwanzo, mwisho na bajeti, na kila kipande chake kina mtu wa kukijibia, si idara, si kamati, mtu.

Tarehe 20 Agosti 1988 alikuwa amefunga ndoa na fundi bomba, ambaye alijitambulisha kwa wageni kuwa yeye ni mdau tu katika ndoa ile, naye marehemu akimjibu kwamba ndoa si mradi, haina tarehe ya kukabidhi. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume aliyeko ng'ambo, na wa kike, mwalimu katika mji wa mbali. Mumewe alitangulia mwaka 2012, yeye akastaafu mwaka 2021, akaishi peke yake ghorofa ya tatu, juu ya chumba cha mshonaji.

Februari 2023 figo zake zilishindwa kazi, akaanza kusafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa. Tulikaa kikao sebuleni kwake tukaunda kamati, kaka mkubwa mwenyekiti, kaka anayemfuata usafiri, mimi mratibu, mwanawe wa ng'ambo mlipaji, na dada akatutazama, akasema, "Mabosi ninao, mfanyakazi yuko wapi?", nasi tukacheka.

Jumanne tarehe 3 Septemba 2024 gari liliharibika. Kaka wa usafiri alimwarifu mwenyekiti, mwenyekiti akampigia mwanawe ng'ambo, mwanawe akaniandikia mimi nitafute teksi, nami nikaona usafiri una mwenyewe. Dada alinipigia simu, nikamjibu, Mungu anisamehe, kwamba linashughulikiwa. Hakuniuliza na nani. Nadhani alikuwa amechoka nasi. Siku hiyo hakwenda kusafishwa damu.

Ijumaa kila mmoja wetu aliamini mwenzake amelimaliza suala la gari, na jioni mshonaji, ambaye hakuwa kwenye kamati yoyote, alimkuta bado amekaa kwenye kiti cha mlangoni, viatu miguuni, mkoba magotini, pumzi zikimpaa, akambeba mgongoni hadi chini na kumfikisha hospitali. Alifariki Jumapili asubuhi, tarehe 8 Septemba. Madaktari wanasema moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi, nasi tunawashukuru kwa kutusitiri, ila hatujifichi nyuma ya maneno yao.

Tunawashukuru wauguzi, majirani, wenzake wa shirika la maji waliokuja na maturubai na viti bila kuombwa, na wewe, mshonaji, ambaye deni lako hatutalimaliza.

Mwenyekiti wetu aliniandikia mwishoni nisome kwamba kuna makosa yalifanyika. Dada asingeipitisha sentensi hiyo. Yalifanywa na nani? Na kaka mkubwa, na kaka wa usafiri, na mwanao, dada, na mimi, zaidi mimi, niliyepokea simu yako.

Pumzika kwa amani, dada, safari hii hakuna wa kumsubiri.