Mtindi wa Mkwe

Kwenye behewa la wanawake, treni ya kwenda Bangaon, Sutapa alijifanya amelala. Ugomvi wa watu wasiojuana husikika vizuri zaidi macho yakiwa yamefumbwa.

"Hiyo soda isiyo na sukari ni sumu, dada," alianza mama aliyepakata chungu cha mtindi. "Inaua figo. Kila mtu anajua."

Mjane wa sari nyeupe alipiga funda refu kwanza. "Basi kila mtu anywe maji yake. Mimi nina kisukari mwaka wa tisa, na anasa iliyobaki ni hii. Daktari kasema tu nisiifanye maji ya kunywa. Na hicho chungu je?"

"Cha mkwe wangu, mume wa binti yangu. Leo si sikukuu ya wakwe? Mtindi nimeutia sukari kilo nzima." Alivyoitaja hiyo kilo, ungedhani ni shahada ya mwanawe. "Naye ana kisukari, maskini, lakini leo mkwe hakatai cha mama mkwe."

"Hakatai," mjane alisema. "Mume wangu hakukataa hata mwaka mmoja. Mama yangu alimsifia hilo mpaka kwenye mazishi yake."

Sutapa akafumbua macho. Usingizi nao una mipaka.

"Siku moja haiui mtu, dada."

"Mama naye alisema hivyohivyo."

Treni ikasimama Barasat. Mwenye chungu akashuka, amekikumbatia kwa mikono miwili, kisha akageukia dirishani. "Hata hivyo, hiyo soda iache."

Mjane akainua chupa, akaimaliza huku akimtazama.