Mwalimu Mashavu na Sauti Aliyoificha

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye jikoni apunguze moto, na aliye kazini atutegee sikio moja. Leo tunamkumbuka Mwalimu Mashavu Sheikhan, mzaliwa wa kisiwa cha Kudhaa. Alifariki Jumatatu asubuhi hapa Kismayo, nyumbani kwa mdogo wake, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri.

Mwalimu Mashavu alifundisha Kiingereza katika shule za sekondari. Wengi wenu mlipita mikononi mwake. Lakini si wengi wanaojua kwamba ualimu huo ulikaribia kumponyoka. Habari hii nimeipata kwa mdogo wake, Bi Umi. Nilipomtembelea jana alinipa uji kwanza, akahakikisha nimeumaliza, ndipo akaanza kuzungumza.

Mashavu alizaliwa Kudhaa, binti wa fundi wa mashua, Sheikhan, na mkewe Mwanalima. Akiwa na miaka tisa aliletwa Kismayo kwa shangazi yake ili asome. Nyumbani walisema Kibajuni. Shuleni ilikuwa Kisomali. Siku moja mama yake alikuja mjini na samaki, akamwita kwa sauti mbele ya wenzake, "Mashavu, njoo uchukue papa!" Kisomali hakina sauti ya p. Msomali akikutana nayo huigeuza b. Watoto wale hawakuwahi kuisikia kwa mtu aliye karibu nao. Kuanzia siku ile walimfuata njiani wakimwiga, "Ba-ba-ba! Ba-ba-ba!"

Mtoto yule hakugombana na mtu. Alifanya jambo moja tu. Aliificha sauti. Kisomali chake kikawa safi kuliko cha wenyewe. Kibajuni akakiacha mlangoni kwa shangazi, kama viatu. Bi Umi aliniambia, "Ukimkuta barabarani ukamsalimia Kibajuni, anakujibu Kisomali. Mimi mdogo wake, ananijibu Kisomali!"

Sasa, wasikilizaji wapendwa, kwa nini alitaka kufundisha Kiingereza? Alipokuwa sekondari, mwalimu wao wa Kiingereza alihamishwa, na darasa likakaa mwaka mzima bila mwalimu. Masomo mengine wakati ule yalikuwa katika vitabu vya Kiingereza. Basi walikaa mbele ya vitabu wasivyoweza kuvisoma. Mashavu ndiye aliyeelewa zaidi. Akawa anaandika sentensi ubaoni, na kuzisoma kwa sauti anamwachia mwingine. Mwisho wa mwaka karibu wote walianguka. Siku ile aliapa kwamba atasoma awe mwalimu wa Kiingereza, na atarudi Kismayo.

Mwaka wa 1976 aliingia chuo kikuu, kitivo cha elimu, nje ya Mogadishu, njia ya Afgooye. Hakuna msichana wa Kudhaa aliyewahi kufika huko kabla yake. Somo lake, Kiingereza. Kuandika aliwashinda wengi. Kusarifu vitenzi, hakuna aliyemfikia. Lakini kila alipofungua kinywa, matamshi yalimwangusha. Karatasi kwa Kiingereza ni pepa. Yeye alisema beba. Watu ni pipo. Yeye alisema bibo. Alisema kama wenzake wote darasani.

Hapo ndipo palikuwa na kosa, wasikilizaji wapendwa. Wenzake walisema b kwa sababu p hawakuwa nayo. Mashavu alikuwa nayo tangu utotoni. Alisema b ili asionekane mtu wa visiwani.

Mkuu wa idara alimwita ofisini. Hakumgombeza. Alimpa kiti, akamwambia ukweli wake. "Unaandika vizuri sana, binti. Lakini mwalimu wa lugha hafundishi kwa kalamu peke yake. Machi kuna mtihani wa kusema. Ukishindwa, tutakuhamishia somo jingine."

Machi ilikuwa imebaki miezi miwili.

Bwenini kitanda chake kilikuwa jirani na cha Rukia, msichana wa Galkayo. Rukia naye alikuwa ameonywa vilevile. Kila jioni Rukia alishika kipande cha karatasi mbele ya midomo yake, akipuliza na kujaribu kutoa p, karatasi isitikisike. Mashavu alimtazama, akanyamaza. Nadhani kunyamaza kule kulimuuma, maana Rukia ndiye aliyekuwa akimwekea chai asubuhi ili asichelewe darasani.

Mwezi wa Februari Bi Mwanalima alikwenda Mogadishu kutibiwa macho, akifuatana na Umi. Wakapitia chuoni wakiwa na kikapu cha ng'onda, wale samaki wetu wa kukaushwa. Mama alimkumbatia mwanawe, akaanza kumpa habari za Kudhaa. Na mama hajibiwi Kisomali. Hakijui. Mashavu akamjibu kwa lugha yao. Pole, mama. Papa wamevuliwa wangapi? Bi Pili amepona?

Rukia alikuwa amekaa kitandani akishona kifungo. Maneno hakuyaelewa. Lakini sikio lake lilisikia. Akaweka sindano chini.

"Abaayo," alisema, ndivyo dada wanavyoitana kwa Kisomali, "kumbe unayo! Miezi yote hii napuliza karatasi kama mwenda wazimu, na wewe unayo hapo kitanda cha pili!"

Mashavu aliinamisha kichwa. Mama akataka kujua huyu mgeni analalamika nini. Umi akamfasiria yote. Habari za p, habari za mtihani, habari za kuhamishwa somo. Bi Mwanalima akamgeukia Rukia kwa upole, akamwambia, Umi akifasiri, aseme papa.

"Baba," alisema Rukia.

"Baba yuko Kudhaa, mwanangu, anachonga mashua. Mimi nataka papa."

Bi Umi alinisimulia hapa akicheka hadi machozi. Anasema Rukia alirudia mara ishirini, na kila mara akamleta baba. Ndipo mama akabandua gamba kavu kwenye ng'onda, akaliweka juu ya mgongo wa mkono wa Rukia, akausogeza mkono ule karibu na midomo yake mwenyewe. Akasema baba. Gamba likatulia. Akasema papa. Gamba likaruka. Mwanamke yule hakujua kusoma hata herufi moja. Akaweka gamba jingine, akamwambia Rukia ajaribu, tena na tena, mpaka gamba lilipojongea kidogo.

Alipokuwa akiondoka, alimshika Mashavu kidevu. Bi Umi ameyahifadhi maneno yale kama yalivyosemwa. "Mchu haoni haya kwa kinywa chake. Ni chako hicho, wakifichani?"

Mchu, kwa wasikilizaji wetu wa mbali, ndiye mtu, na wakifichani ni unakificha kwa nini.

Msidhani mambo yalinyooka pale pale. Kuitoa sauti bwenini mbele ya rafiki ni jambo moja. Kuitoa mbele ya watu ni jambo jingine. Mashavu alifanya mazoezi na Rukia kila siku. Darasani p ilirudi kuwa b yenyewe, bila kuiita. Miaka kumi na moja ya kuificha haikufutika kwa mwezi mmoja.

Siku ya mtihani ikafika. Walimu watatu nyuma ya meza. Wanafunzi wengine wamekaa nyuma wakisubiri zamu. Mashavu akapewa ukurasa asome, kisha aueleze. Sentensi ya kwanza ilikuwa na lile neno, watu. Akafungua kinywa. Akasema, "Bibo..."

Akakoma. Mwalimu mmoja alikuwa ameshainua kalamu.

Mashavu akaweka ukurasa mezani. Akasema, "Naomba kuanza upya."

Kanuni haikukataza, wala haikuruhusu. Walimu wakatazamana. Mkuu wa idara akasema, mwacheni aanze. Huo ulikuwa wema, wasikilizaji wapendwa, na Mwalimu Mashavu aliutaja maisha yake yote. Akaushika ukurasa. Nyuma yake mtu alicheka chini chini. Alisikia. Akasoma, "Pipo..." na akaendelea hadi mwisho, kila p mahali pake, na v, na z, sauti ambazo Kisomali hakina na Kibajuni kinazo zote.

Mkuu wa idara akamuuliza ni nani aliyemfundisha. Huenda alidhani amepata mwalimu wa kigeni.

"Mama yangu," alijibu Mashavu.

"Mama yako anajua Kiingereza?"

"La. Anajua Kibajuni."

Alifaulu. Rukia hakufaulu. Alikosa kwa alama chache, akahamishiwa jiografia. Mashavu alilia kuliko mwenyewe. Rukia ndiye aliyembembeleza, akamwambia, "Nyamaza, abaayo. Jiografia sisi tunaiita juqraafi. Haina p hata moja." Walibaki marafiki hadi juzi.

Likabaki jaribio la mwisho, mazoezi ya kufundisha. Mashavu alipangiwa shule ya sekondari hapa hapa Kismayo. Wavulana thelathini na wanane, wasichana wanne, na mkaguzi, Bwana Mahmudi, amekaa nyuma na daftari lake. Mwalimu mwanafunzi alikuwa hajageuka kutoka ubaoni, sauti ikatoka kati ya madawati na tusi wanalotupiwa watu wa visiwani, "Bweza! Bweza wa Kudhaa!"

Darasa likaangua kicheko. Bwana Mahmudi akashika kalamu. Alitaka kuona atafanyaje.

Mashavu aligeuka. Akaweka chaki chini.

"Mnyama huyo haitwi bweza," alisema. "Anaitwa pweza. Mkitaka kunitukana, nitukaneni sawasawa. Haya, darasa zima. Pweza."

Hawakuweza. Wavulana wale wakubwa, wenye ndevu wengine, walitoka jasho. Akatoa bahasha ya magamba makavu kwenye mkoba, akagawa, kila mmoja gamba moja mgongoni mwa mkono. Saa nzima ile walimpulizia pweza. Kengele ilipolia, yule aliyemtukana ndiye aliyekuwa akiwafundisha wa dawati la nyuma, naye ana kiburi kweli kweli. Bwana Mahmudi alikuwa na gamba mkononi mwake mwenyewe. Katika ripoti aliandika kwamba mwalimu huyu hakuleta picha wala chati kama inavyotakiwa, na kwamba apewe darasa haraka.

Basi akapewa. Alipoulizwa anataka kupangiwa wapi, alitaja Kismayo. Alifundisha hapa hadi vita vya mwaka 1991 vilipofunga shule. Alikimbilia Kenya na mama yake na Umi, akafundisha kambini chini ya turubai. Bi Mwanalima alifia huko. Baadaye Mwalimu Mashavu alirudi, akafundisha tena mpaka miguu ilipomkataa. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Bi Umi anasema mwezi uliopita dada yake alipolazwa, daktari kijana aliyekuja kumtazama alimsalimia kwa Kibajuni, wodini, mbele ya wenzake wote, bila kupunguza sauti. Mwalimu alimuuliza ni wa kisiwa gani, akasema wa Fuma. Mgonjwa yule aliendelea kuzungumza naye kwa lugha yao, kwa sauti kubwa, hadi wauguzi wakawaomba wapunguze.

Kwa Bi Umi, kwa ukoo wote wa Sheikhan, kwa Bi Rukia aliyeko mbali, na kwa wanafunzi wake walioko kila pembe, tunawapa mkono wa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu, amnawirishie kaburi lake.

Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize jambo moja. Yumkini nyumbani mwako, au darasani mwako, kuna mtoto anayejua lakini hasemi. Usimharakishe. Usimcheke. Akianza akakosea, akaomba kuanza upya, mwache aanze upya.